LA4440, TDA7297, TPA3116D2 au PAM8403: ipi ifungwe kwenye kipaza sauti cha betri?

Anayetaka kuunda au kufufua kipaza sauti cha kubeba, kile cha mkutano wa hadhara, cha mahubiri ya uwanjani au cha mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani, kwa kawaida hababaishwi na boksi wala spika. Hukwama kwenye aisi (IC), yaani chipu ya amplifaya inayokuza sauti. Muuza vipuri humwekea mezani bodi kadhaa, moja imeandikwa wati 15 na nyingine wati 100, bei zake zikiwa hazipishani sana, huku fundi wa duka la pili akisisitiza kwamba hakuna aisi kama ile ya zamani iliyokuwa kwenye redio za magari. Ulinganisho huu unachukua aisi nne ambazo msomaji ana nafasi nzuri ya kukutana nazo, iwe Kariakoo, barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwenye maduka ya mtandaoni, na kuzipima kwa vigezo vilevile. Sharti ni moja: umeme wote unatoka kwenye betri, na kazi kubwa ya mtambo ni sauti ya mtu anayezungumza, muziki ukiwa wa ziada.

Vigezo

Cha kwanza ni wati zinazopatikana kwa volti za betri yako, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Aisi isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kuisukuma spika kupita volti inazolishwa. Ikiwa waya mmoja wa spika umefungwa kwenye hasi, wimbi la sauti hupata nusu tu ya volti za betri kila upande; betri ya volti 12 hutoa kilele cha volti 6, na spika ya omu 4 haiwezi kupata zaidi ya wati 4.5 kabla sauti haijaanza kukwaruza. Amplifaya mbili zikifungwa briji, yaani moja ikisukuma na nyingine ikivuta kwenye spika ileile, kilele hukaribia volti 12. Kwa kuwa nguvu hupanda kwa mraba wa volti, wati zinakuwa mara nne: 18 kwa spika ya omu 4, au 9 kwa spika ya omu 8. Hizo ndizo dari za volti 12, na aisi yoyote hupoteza kiasi fulani chini yake. Bodi ya wati 100 ikiwekwa kwenye betri hiyohiyo na spika hiyohiyo itagota palepale.

Hii ndiyo sababu TDA2030A, ambayo huenda ndiyo aisi maarufu kuliko zote katika masomo ya wanafunzi wa elektroniki, haimo kwenye orodha. Wati 18 inazosifiwa nazo zinahitaji volti 16 chanya na volti 16 hasi. Kwenye betri moja ya volti 12, ikiwa peke yake, itatoa wati tatu au nne tu.

Kigezo cha pili ni ulaji wa betri wakati wa kazi ya kawaida, si wakati wa kelele ya juu kabisa. Mtu akizungumza, sauti yake ina vilele vya muda mfupi na vituo vingi katikati, hivyo wastani wa nguvu unaofika kwenye spika ni sehemu ndogo ya uwezo wa mtambo. Tuseme wastani huo ni wati 3. Amplifaya ya klasi AB, ile ya kizamani inayoubana umeme kufuata wimbi la sauti, iliyofungwa briji kwa volti 12 na spika ya omu 4 itavuta takriban wati 9 kutoka kwenye betri, nyingi zikigeuka joto. Ya klasi D, ambayo huwasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuubana, itavuta takriban wati 4. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina jumla ya wati-saa 84, na ukitaka idumu ni busara kutumia nusu tu, yaani 42. Klasi AB itakupa chini kidogo ya saa tano, na klasi D itakupa kama saa kumi. Ni hesabu ya makadirio, lakini tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba makosa madogo hayawezi kuigeuza.

Vingine ni vitatu. Joto na uzito wa bati la kupozea. Urahisi wa kuunda, kupata kipuri halisi na kutengeneza. Na utulivu, yaani mvumo, mlio wa ajabu na kishindo cha kuwasha.

LA4440

Aisi hii ya Sanyo ina miguu 14 iliyopangwa safu moja na ilikusudiwa redio za magari. Ndani yake zimo amplifaya mbili za klasi AB. Zikitumika kwa stereo, kila moja hutoa wati 6. Zikifungwa briji, hutoa wati 19, vipimo vyote vikiwa vya volti 13.2 na spika ya omu 4. Betri inapokuwa kwenye volti 12 kamili, tegemea wati 12 hivi zilizo safi, na kidogo zaidi ukikubali sauti ianze kukwaruza.

Ulaji wake ni mkubwa. Hata pasipo sauti yoyote huvuta takriban miliampea 100, na zipo zinazofika 200 zikiwa bado nzima. Mtambo ukisahaulika umewashwa usiku kucha, asubuhi betri ndogo itakuwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana. Joto nalo si la kupuuza: kwa spika ya omu 4, aisi inaweza kufikia wati 7 za joto, kwa hiyo bati la kupozea lazima liwe la maana na grisi yake ipakwe sawasawa.

Inapong'ara ni kwenye matengenezo. Miguu ina nafasi, hailehemiwi kwa darubini, na fundi wa redio wa mji mdogo anaifahamu saketi yake kwa kichwa. Pia inaongeza sauti kwa takriban desibeli 50, kiwango kikubwa kuliko cha wenzake wote hapa, hivyo maiki ya kawaida inahitaji saketi ndogo tu ya kutangulia. Ubaya wa sifa hiyohiyo ni kwamba mvumo wowote unaoingia pamoja na sauti nao unakuzwa.

Tatizo la leo ni uhalisi. Sanyo iliuza kitengo chake cha semikondakta kwa ON Semiconductor ya Marekani mwaka 2011, na nyingi ya zinazouzwa sasa ni nakala, baadhi zikiwa na jina lao wenyewe la CD4440. Nakala hufanya kazi, ila ubora wake hupishana kutoka pakiti moja hadi nyingine. Ukinunua, nunua mbili, na kabla ya kufunga boksi weka mita kwenye waya chanya upime mkondo wa kimya, yaani unaovutwa pasipo sauti yoyote. Ukizidi sana miliampea 200, aisi hiyo irudi dukani.

Inamfaa mwenye gari la matangazo, kwa sababu umeme wa gari wenye volti 14 ndio mazingira iliyoundiwa, na inamfaa anayeishi mbali na wauza vipuri wa kisasa. Haimfai anayetembea na mtambo begani kutwa nzima.

TDA7297

Hii ni ya STMicroelectronics, ina miguu 15, na ndani yake amplifaya mbili ambazo kila moja tayari iko briji. Inatumia volti 6.5 hadi 18. Wati 15 kwa kila upande zinazoandikwa kwenye bodi ni za volti 16.5 na spika ya omu 8. Kwa betri ya volti 12 na omu 8, kila upande utatoa takriban wati 6 safi. Spika za omu 4 si zake. Mkondo wake una kikomo cha ampea 2 kwenye kilele, na ukizilazimisha utapata sauti iliyobanwa na aisi inayochemka.

Kwa kuwa nayo ni klasi AB, ulaji wake wakati wa kazi unakaribiana na wa LA4440, ingawa mkondo wa kimya ni nusu yake, takriban miliampea 50. Jumla ya joto kwa pande mbili ni ileile ya wati 7 hivi, na bati la kupozea halikwepeki.

Uzuri wake uko kwenye uchache wa vipuri. Haihitaji kapasita kubwa za kutokea, na kapasita ndizo huanza kufa kwenye boksi linalopata joto. Saketi nzima ni kapasita chache na rezista mbili tatu, kiasi kwamba mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuilehemu kwenye bodi yenye matundu kwa alasiri moja. Ina miguu ya kunyamazisha na ya kulaza, na ikifungwa vizuri hakuna kishindo spika inapowashwa. Haina mawimbi ya kuwasha na kuzima, hivyo haisumbui redio wala kipokezi cha maiki isiyo na waya kilicho sentimita chache kutoka kwake. Hii ni sifa kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Udhaifu wa kuangaliwa ni kikomo cha juu cha volti: inavumilia 20, basi. Haikuwekewa kinga ya mishtuko ya umeme wa gari kama aisi za redio za magari, hivyo kuiunganisha moja kwa moja na pikipiki au gari lenye jenereta mbovu ni kuitafutia kifo.

Inamfaa anayejenga mwenyewe kwa mara ya kwanza, mwenye spika mbili za omu 8, na anayetumia maiki isiyo na waya ndani ya boksi lilelile.

TPA3116D2

Aisi hii ya Texas Instruments ndiyo iliyo kwenye bodi nyingi za wati 50+50 au 100. Ni ya klasi D, inakubali volti 4.5 hadi 26, na ufanisi wake hupita asilimia 90 katika hali nzuri. Kwa volti 12 inatoa takriban wati 16 safi kwa kila upande kwenye omu 4, au 8 kwenye omu 8. Wati 50 za kila upande zinapatikana kwa volti 21 na omu 4, tena kwa kukubali asilimia 10 ya ukwaruzaji.

Zile bodi za wati 100 za spika moja zinastahili maelezo yake, kwa kuwa ndizo huzaa malalamiko mengi. Ndani yake pande mbili za aisi zimeunganishwa sambamba. Kuunganisha hivyo huongeza mkondo, hakuongezi volti. Wati 100 zinapimwa kwa volti 21 na spika ya omu 2. Ukiiweka kwenye betri ya volti 12 na spika ya omu 4, utapata wati 16 zilezile ambazo upande mmoja wa bodi ya stereo ungekupa. Anayetaka nguvu zaidi ana njia mbili tu za kweli: kushusha omu za spika au kupandisha volti.

Kupandisha volti kunawezekana, na hakuna aisi nyingine kati ya hizi nne inayokupa nafasi kubwa kiasi hicho. Seli sita za lithiamu mfululizo zikijaa hufika volti 25.2, ambazo ziko ndani ya mipaka, na spika ya omu 8 itapata zaidi ya wati 30. Betri mbili za asidi mfululizo zinaonekana kuwa jambo lilelile, lakini zikiwa kwenye chaja hupanda hadi karibu volti 29, wakati aisi inaungua kuanzia 30. Ukizitumia, weka swichi inayoitenga amplifaya wakati wa kuchaji.

Ulaji wake ndio hoja kuu: saa kumi badala ya tano kwa betri ileile, au betri nusu ya uzito kwa saa zilezile. Ikitoa wati 16 mfululizo hupoteza chini ya wati 2 kwa joto. Hata hivyo angalia bodi yenyewe kabla ya kulipa. Pedi ya joto ya TPA3116D2 iko juu ya aisi, inatazama angani, na bati la kupozea linapaswa kuigusa moja kwa moja kwa grisi. Kwenye bodi za bei ya chini bati hilo mara nyingine limebandikwa kwa gundi nene, limeinama upande mmoja, na ukilitikisa kwa kidole linacheza. Ndugu yake TPA3118D2 ana pedi upande wa chini, inayolehemiwa kwenye bodi yenyewe, na kwa betri ya volti 12 mara nyingi hahitaji bati lolote; mimi ningemchukua huyo kwa boksi dogo lisilopitisha hewa.

Kwenye utulivu ndipo inapodai gharama. Inawasha na kuzima umeme kuanzia mara 400,000 hadi milioni 1.2 kwa sekunde, kutegemea ilivyopangwa. Spika ikiwa ndani ya boksi kwa waya wa sentimita chache hakuna shida kubwa. Lakini ukitoa waya wa mita kumi kwenda kwenye spika ya tarumbeta juu ya mti, waya huo unakuwa antena, na redio ya AM ya jirani itaimba wimbo wako. Bodi yenye koili mbili kwa kila spika, pamoja na kapasita zake, za kuchuja mawimbi hayo, ni ya lazima kwa kazi hiyo. Bodi isiyo na koili iache dukani. Kipokezi cha maiki isiyo na waya kiwekwe mbali na bodi, antena yake itoke nje ya boksi. Moduli ya Bluetooth ikilishwa kutoka betri ileile mara nyingi huleta mlio mwembamba usiokoma, na dawa yake ni kibadilishaji kidogo cha volti kinachotenganisha hasi za pande mbili.

Matengenezo ni magumu. Miguu 32 iliyosongamana hailehemiki kwa pasi ya kawaida bila mazoezi, hivyo bodi ikiharibika hutupwa na kununuliwa nyingine. Mwenye kuhitaji mtambo usikose siku hata moja aweke bodi ya akiba ndani ya boksi.

Inamfaa anayebeba mtambo kwa mguu au baiskeli, anayechaji kwa sola ndogo, na anayetaka nafasi ya kukua hadi volti 24.

PAM8403

Hii ni ya daraja jingine kabisa, na imo hapa kwa sababu watu wengi hawahitaji zaidi yake. Ni klasi D, inatumia volti 2.5 hadi 5.5, na hutoa wati 3 kwa kila upande kwenye omu 4 ikilishwa volti 5. Kwa seli moja ya lithiamu tegemea wati moja na nusu hivi. Mkondo wa kimya hauzidi sana miliampea 15, joto halipo la kuzungumziwa, na bodi yake ni ndogo kuliko sanduku la kiberiti. Volti 12 zikiigusa, inakufa papo hapo. Inaongeza sauti kwa desibeli 24 tu, kwa hiyo saketi ya maiki inayotangulia lazima iwe na nguvu ya kutosha.

Inamfaa mwalimu, muongoza watalii au muuza bidhaa anayefunga kipaza sauti kiunoni na kuzungumza na watu walio ndani ya mita chache.

Mambo yanayozihusu zote

Kwa aisi iliyofungwa briji, na hapa ni zote isipokuwa LA4440 ya stereo, hakuna waya wa spika ulio hasi. Ukigusisha mmoja wao kwenye bodi ya gari au kwenye waya wa hasi wa betri, unafunga njia ya mkato. Fyuzi ya ampea 3 hadi 5 karibu na betri ni ya bei ndogo, na diodi ya kuzuia nyaya kugeuzwa huokoa aisi siku ambayo msaidizi ataunganisha betri gizani.

Aisi hizi hazilindi betri. TPA3116D2 itaendelea kunyonya hadi volti 4.5, wakati betri ya asidi haifai kushuka chini ya 10.5 ikiwa kazini. Weka kikatizi cha kuzima mtambo volti zikishuka mno, na kwa lithiamu hakikisha pakiti ina bodi yake ya ulinzi.

Na kabla ya kutafuta wati zaidi, tazama spika. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu. Spika yenye unyetifu (ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 98 inapiga kwa wati 2 sawa na ile ya desibeli 88 inayopewa wati 20. Ndiyo maana tarumbeta moja ya chuma kwenye aisi dhaifu inasikika mbali kuliko boksi zuri la muziki kwenye bodi ya wati 100, ingawa si ya kusikilizia taarabu.

Kwa hali yako

Kama una betri ya volti 12, spika ya omu 4 na siku nzima ya kutembea, TPA3116D2 au TPA3118D2 yenye koili ndiyo inayolipa. Kama betri ni ileile lakini mtambo unakaa mahali pamoja karibu na chaja, na ndani yake kuna kipokezi cha maiki isiyo na waya, TDA7297 yenye spika mbili za omu 8 itakupunguzia usumbufu mwingi kuliko saa za betri utakazopoteza.

Kama mtambo umefungwa kwenye gari na fundi aliye karibu ni wa redio za zamani, LA4440 bado ina nafasi yake, ilimradi umeipima mkondo wa kimya kwanza. Kama unazungumza na watu 30 chini ya mwembe, PAM8403 na seli moja au mbili sambamba zinatosha.

Kama unahitaji wati 30 au zaidi kwa mkutano wa uwanja mpana, chagua kwanza volti: seli sita za lithiamu na spika ya omu 8, kisha TPA3116D2. Na kama tayari una boksi la zamani lenye LA4440 inayofanya kazi, fedha za kubadilisha aisi zitumie kwanza kwenye spika yenye unyetifu mkubwa, kisha sikiliza tena ukiwa mwisho wa uwanja.